Kinachokataliwa Ghalani Ndicho Kinachomuua Mbwa

Mavuno ya mvua za Oktoba hadi Desemba yakishaingia bomani, kazi ya kuchambua mahindi huanza. Turubai hutandikwa uani na watu huketi kulizunguka. Mahindi yenye punje safi hurushwa upande mmoja. Hayo ni ya kusaga na ya muthokoi, yaani mahindi ya kukobolewa. Yaliyotobolewa na dumuzi huwekwa kando ili yaliwe kwanza. Halafu kuna fungu la tatu, dogo kuliko yote: mahindi yaliyooza ncha, punje zilizosinyaa, nyingine zimeota ukungu wa rangi ya kijani unaotimua vumbi ukiguswa. Fungu hilo mara nyingi halitupwi. Ni la kuku na mbwa.

Mwenye boma wa Mwingi, Kaunti ya Kitui, akiulizwa ni nini humuua mbwa, atataja sumu ya panya, nyoka, na jirani aliyechoka kuliwa vifaranga. Fungu la tatu halimjii akilini.

Orodha za vyakula hatari kwa mbwa kwa kawaida huanza na chokoleti, zabibu kavu na makadamia. Ni orodha za kweli, lakini mbwa wa Migwani, Kyuso au Nuu hakutani na makadamia. Yeye hula ngima (ugali) iliyobaki, ukoko wa sufuria, pumba iliyokorogwa kwa maji moto na mifupa ya mbuzi. Chakula chake ni kile ambacho familia imekisaza au imekikataa, na sababu ya kukikataa mara nyingi ndiyo inayomdhuru.

Kuvu ya mahindi

Kuvu iitwayo Aspergillus flavus hupenda mahindi yaliyoteswa na ukame shambani, kisha yakahifadhiwa kabla ya kukauka vizuri. Hutoa aflatoksini, sumu inayoshambulia ini. Ukambani inaijua kwa uchungu. Mwaka wa 2004, mlipuko uliozikumba wilaya za Mashariki mwa Kenya uliacha wagonjwa 317 kufikia Julai 20, na 125 kati yao wakafa. Makueni peke yake ilikuwa na wagonjwa 148, Kitui 101. Sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake zilizochukuliwa masokoni zilipopimwa, zaidi ya nusu zilikuwa na aflatoksini inayozidi mikrogramu 20 katika kila kilo, kiwango cha mwisho kilichoruhusiwa wakati huo. Asilimia 7 zilizidi mikrogramu 1,000. Leo kiwango hicho cha mwisho nchini ni mikrogramu 10.

Vifo vya mwaka huo viliandikwa na kuhesabiwa kwa sababu vilikuwa vya watu. Vya mbwa havikuwa na daftari. Hata hivyo historia ya sumu hii imejaa mbwa. Mwaka wa 1974, magharibi mwa India, ugonjwa wa ini uliotokana na mahindi yenye kuvu uliua watu zaidi ya 100, na wachunguzi waligundua kwamba mbwa wa vijiji hivyo walikuwa wameanza kuugua kabla ya wenyewe. Mwaka wa 1977, mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa chakula kilichohifadhiwa vibaya. Wala si shida ya zamani tu: mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, mbwa zaidi ya 110 walikufa Marekani baada ya kula chakula cha mifuko kilichotengenezwa kiwandani kwa mahindi yenye aflatoksini.

Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi na sumu hii. Tena mbwa wa bomani hana namna ya kubadilisha mlo: kikiwa ni kile kile asubuhi na jioni kwa wiki tatu, sumu nayo humwingia asubuhi na jioni. Dalili zake ni rahisi kuzidhania kuwa minyoo au uchovu. Mbwa hukataa chakula, hulala sana, hutapika. Baadaye ufizi na weupe wa macho hugeuka manjano, mkojo huwa na rangi ya chai nzito, na kinyesi hutoka na damu. Ufizi ukishageuka manjano, ini limekwisha kuumia.

Kupika hakusaidii. Aflatoksini hustahimili moto wa jikoni, kwa hiyo ngima iliyosongwa kwa unga mbaya hubaki mbaya.

Muthokoi una funzo lake hapa. Mahindi hutiwa kinuni, hunyunyiziwa maji kidogo, kisha hutwangwa mpaka ganda la nje na kiini vitoke. Hupepetwa, zikabaki punje nyeupe za kuchemshwa pamoja na maharagwe au mbaazi. Watafiti waliopima hatua hizo walikuta kwamba ukoboaji hupunguza aflatoksini kwa kiwango kikubwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini. Ni habari njema kwa anayekula muthokoi. Ila sumu iliyoondoka haikupotea. Imo kwenye pumba, na pumba hukorogwa kwa maji moto ikawekwa kwenye sufuria ya mbwa, au ikapewa ng'ombe ambaye huipitisha kiasi kwenye maziwa.

Kwa hiyo kanuni inayotolewa na wataalamu wa mifugo ni nyepesi kuitamka na nzito kuitekeleza mwaka wa njaa: mahindi yenye kuvu hayapewi mnyama yeyote. Huzikwa au huchomwa. Pumba hutolewa tu ikiwa imetoka kwenye mahindi ambayo mtu mwenyewe angekula bila wasiwasi.

Kinga yenyewe huanza kabla ya sahani. Mahindi yakaushwe juu ya turubai, si juu ya udongo, na yasitiwe guniani mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13 hivi. Asiye na kipimo anaweza kutumia chupa na chumvi. Chupa ya kioo iliyo kavu kabisa hujazwa punje hadi thuluthi moja, huongezwa vijiko vichache vya chumvi kavu, ikatikiswa kwa dakika chache na kuachwa itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yangali mabichi, yarudishwe juani. Ikianguka yote chini, yanaweza kuhifadhiwa. Mifuko isiyopitisha hewa nayo huzuia wadudu bila dawa. Na kwa aliye tayari kuanzia shambani, kuna Aflasafe KE01, kuvu isiyo na sumu ya jamii hiyo hiyo, ambayo hutengenezwa katika kituo cha shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, cha Katumani, Machakos. Hutawanywa shambani wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kuchanua, ikachukua nafasi ya ile yenye sumu.

Panya na dawa zake

Mahindi na ndengu vikijaa ghalani, panya hufuata, na nyuma ya panya huja mchuuzi mwenye kipaza sauti anayepita sokoni akitangaza dawa ya panya, mende na kunguni. Pakiti yake ndogo, mara nyingi isiyo na maelezo ya maana, huchanganywa na ngima au dagaa na kuwekwa pembeni mwa nyumba. Dagaa humvutia mbwa kabla ya panya.

Ni muhimu kujua kuna aina zaidi ya moja. Ya kwanza ni unga wa kijivu cheusi wa fosfidi ya zinki. Ukikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi ya fosfini, yenye harufu ya samaki aliyeoza au kitunguu saumu. Mbwa hutapika, hutetemeka na huweza kufa ndani ya saa chache. Hapa ndipo desturi ya kumnywesha mbwa maziwa au kumpa ngima ili kuipunguza nguvu sumu hugeuka kuwa hatari, kwani chakula huamsha asidi zaidi tumboni na asidi hutoa gesi zaidi. Matapishi yake pia hutoa gesi hiyo, kwa hiyo mbwa ahudumiwe nje, penye upepo, si ndani ya nyumba au ndani ya gari lililofungwa vioo.

Aina ya pili huzuia damu isigande, na siku ya kwanza haionyeshi lolote. Mbwa hula, hubweka, hukimbia. Siku ya tatu hadi ya tano ndipo huanza kupumua kwa shida, ufizi unakuwa mweupe, damu inatoka puani au inajikusanya kifuani. Wakati huo hakuna tena anayekumbuka pakiti ya wiki iliyopita. Aina hii ina tiba: vitamini K1, inayotolewa na daktari kwa wiki kadhaa mfululizo. Mbwa huokoka ikiwa mwenyewe amekumbuka kusema kwamba kuna dawa ya panya iliyowekwa.

Mtego wa chuma au wa ubao hufanya kazi ile ile ghalani. Anayelazimika kutumia sumu huiweka ndani ya kisanduku chenye tundu la kupita panya tu, na kila asubuhi huwaokota panya waliokufa na kuwazika, maana mbwa huwala.

Bomba la shambani na dawa ya kupe

Mwingi ni nchi ya ndengu. Ndengu nayo hushambuliwa na vidukari, thripsi na viwavi wa maganda, na mkulima anayetegemea msimu mmoja kulipa karo hapuuzi bomba. Dawa hupimwa kwa kifuniko, hukorogwa kwenye ndoo uani, na ndoo hiyo ikisuuzwa maji humwagwa karibu na mlango. Chupa tupu hukatwa ikawa chombo cha mbwa cha kunywea.

Dawa za josho nazo huleta hatari hiyo hiyo. Kupe wakimjaa mbwa, njia ya mkato ni kumwosha kwa dawa ya ng'ombe iliyobaki, tena kwa kipimo cha kukadiria. Dawa za kundi la organofosfeti hupenya ngozi na huingia tumboni mbwa anapojilamba. Ndani ya dakika au saa chache hutokwa na mate mengi, mboni za macho husinyaa, huhara, misuli hutetemeka, pumzi hubana. Amitrazi, inayotumiwa sana kwa kupe wa ng'ombe, humfanya mbwa aliyezidishiwa alegee na mapigo ya moyo yapungue. Madaktari wana dawa za kukabili hali hizi, atropini ikiwa mojawapo kwa organofosfeti, lakini muda ni mfupi. Mbwa aliyemwagikiwa aoshwe upesi kwa maji mengi na sabuni, na anayemwosha avae glavu.

Kila chupa ya dawa iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu huwa na utepe wa rangi chini ya lebo. Mwekundu ndio wa hatari kuliko yote, unafuatwa na manjano, buluu, kisha kijani. Kutazama utepe huo dukani hakugharimu chochote. Dawa ya kupe iliyoandikwa kuwa ni ya mbwa ipo kwenye agroveti, na hutumiwa kwa kipimo kilichoandikwa, kulingana na uzito.

Tembe za fosfini za kufukizia maghala hazina nafasi kabisa katika nyumba wanamolala watu au mbwa.

Mimea ya ua na ya porini

Wakamba walisifika Afrika Mashariki nzima kwa mishale yenye sumu, na sumu hiyo ilichemshwa kutokana na kivai, mti wa jamii ya Acokanthera unaoota kwenye vilima vikavu vya Ukambani. Sumu yake husimamisha moyo. Waridi la jangwa, lenye shina nene na maua ya waridi yanayopendeza kwenye nyungu za mjini, lina sumu ya aina hiyo hiyo. Vivyo hivyo oleanda inayopandwa kwenye ua wa hoteli na majengo ya ofisi.

Mbwa mzima hana kawaida ya kula majani. Anayetafuna kila kitu ni mtoto wake, hasa meno yanapoota, na mbwa aliyefungwa mnyororo siku nzima penye kichaka kimoja. Mbegu za mbarika ni hatari zikitafunwa, kwa kuwa ganda likipasuka risini hutoka. Mbono kaburi, ambao katikati ya miaka ya 2000 wakulima wengi wa Ukambani walihimizwa kuupanda kwa ajili ya mafuta ya dizeli, bado umesimama kwenye nyua nyingi, na mbegu zake huleta kutapika na kuhara kukali. Mranaha, unaojiotea jalalani na kandokando ya mazizi, huvuruga akili na mapigo ya moyo. Mnyaa, ua la kawaida la maboma, kwa kawaida hauui, ila utomvu wake mweupe ukimwingia mbwa machoni huunguza vibaya. Macho yaoshwe kwa maji safi mfululizo kwa robo saa, kisha daktari ayatazame.

Desemba na wageni

Chokoleti na wenzake hufika Mwingi Desemba, ndani ya mabasi yanayowaleta watu nyumbani kutoka Nairobi kwa barabara ya Thika. Huo ndio msimu ambao mbwa wa kijijini hukutana na vyakula vya mjini kwa wiki mbili. Keki yenye zabibu kavu huweza kuangusha figo. Chokoleti, hasa ile nyeusi, husumbua moyo na mishipa ya fahamu. Kilicho kidogo na kikali kuliko vyote ni chingamu isiyo na sukari, ikiwa imetiwa zailitoli: gramu 0.1 tu kwa kila kilo ya uzito wa mbwa hutosha kushusha sukari ya damu hadi aanguke. Kwa mbwa wa kilo 15 hiyo ni gramu moja na nusu, ambayo vipande vichache vya chingamu vinaweza kuwa nayo.

Mbuzi wa sherehe ana mifupa, na mifupa iliyopikwa au kuchomwa huvunjika ikawa na ncha kali. Wa kuku ni mbaya zaidi. Kachumbari na mchuzi wenye vitunguu vingi huharibu chembe nyekundu za damu, na udhaifu huonekana siku kadhaa baadaye, wageni wakiwa wamekwisha kuondoka. Kokwa la embe humezwa zima likaziba utumbo. Kaluvu iliyosazwa kwenye bakuli ni pombe kwa mbwa kama ilivyo kwa watu, isipokuwa mwili wake ni mdogo. Na mtu mzima mwenye huruma, akimwona mbwa anachechemea, humpa panadol au brufen. Brufen hutoboa tumbo la mbwa na kudhuru figo zake. Panadol ikizidi humaliza ini.

Mbwa anayezurura, na povu mdomoni

Utafiti wa mbwa uliofanywa katika iliyokuwa wilaya ya Machakos na kuchapishwa mwaka wa 2001 ulionyesha kwamba wengi wao hawakufungwa wala kuzuiwa wakati wowote, na kwamba wastani wa umri wao haukufika miaka miwili. Mbwa asiyefungwa hula asichopewa na mwenyewe. Kaskazini mwa Mwingi, kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Kora, wafugaji huishi jirani na fisi na simba, na mzoga uliotiwa dawa kwa ajili ya fisi humngoja mbwa wa mchungaji vilevile. Dawa ya kuulia wadudu ya kabofurani ilitumiwa hivyo Kenya kwa miaka mingi, mpaka kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiitengeneza ikaiondoa kwenye soko la nchi mwaka wa 2009 baada ya kelele kuhusu simba waliouawa. Kumwekea mnyama sumu kwa makusudi ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360.

Kuna jambo moja ambalo humfanya mbwa aliyekula sumu afe kwa rungu kabla ya daktari kufika. Kutokwa na mate, kutetemeka na kuyumba kunafanana na kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao Ukambani haujaisha na ambao Kenya, katika mpango ulioanza 2014, imekusudia kuumaliza kufikia 2030. Tofauti haionekani kwa macho. Mbwa aliyekuwa mzima asubuhi na kuanguka ghafla baada ya kula ana uwezekano mkubwa wa kuwa na sumu, na aliyebadilika tabia kwa siku kadhaa hushukiwa kichaa. Cheti cha chanjo ya kila mwaka humsaidia daktari kuamua haraka. Kwa vyovyote mkono usiingizwe mdomoni mwake, na mate yake yakigusa jeraha, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji ya kutiririka kwa dakika 15 na mtu aende hospitalini.

Kabla ya kumfikisha kwa daktari

Kutoka Tseikuru hadi mjini Mwingi ni safari ndefu, na si kila agroveti ina daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Nambari ya simu ya afisa wa mifugo wa kaunti ndogo inafaa iwe kwenye simu kabla ya siku ya dharura. Mbwa atolewe penye sumu, afungwe kivulini. Asinyweshwe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi. Chumvi nyingi ni sumu yenyewe. Asitapishwe ikiwa anatetemeka, amelegea, au amekunywa mafuta ya taa au asidi ya betri, kwa sababu vitu hivyo vikirudi huingia mapafuni au huunguza koo mara ya pili. Makaa ya jikoni yaliyosagwa si sawa na makaa maalumu ya hospitali.

Pakiti, chupa au tawi la mmea alioutafuna lichukuliwe, na matapishi kidogo yatiwe kwenye chombo chenye kifuniko, isipokuwa pale panaposhukiwa dawa ya unga wa kijivu. Lebo ikipigwa picha na kutumwa kwa simu, daktari anaweza kutayarisha dawa mgonjwa akiwa bado njiani kwa pikipiki. Maswali yake ya kwanza yatakuwa manne: mbwa ana uzito gani, amekula nini, kiasi gani kimepungua kwenye pakiti, na ilikuwa saa ngapi.